Saa ya Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na barua imekuja nayo. Kampuni kubwa iliyotununua mwezi wa kwanza inataka mtandao wetu uunganishwe na wao kabla Aprili haijaisha. Tatizo ni kwamba wao na sisi tunatumia anwani zilezile. Nilimweleza meneja hivi: kila mashine kwenye mtandao ina namba yake, kama nyumba mtaani. Sasa mitaa miwili inakuwa mmoja, na kila mtaa una nyumba namba tatu. Barua ya namba tatu itapelekwa kwa nani?

"Basi wahame wao," akasema.

Nikamwambia anayehama ni aliyenunuliwa. Hakucheka.

Sisi ni kiwanda cha kufulia. Tunafua mashuka, taulo na mavazi ya hospitali na hoteli. Mtu hawezi kudhani kwamba kufua kunahitaji mtandao, lakini nimehesabu leo mashine mia moja sitini na mbili: kompyuta, printa, kamera, mizani, na saa sita za kidole ambazo wafanyakazi huzigusa wakiingia na kutoka. Mashine zinazojitafutia namba zenyewe hazinisumbui. Zinazonisumbua ni zile ambazo nimeziandikia namba kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, kwa miaka kumi na minne. Nimenunua madaftari mawili. Moja la anwani, moja hili. Mke wangu anasema nikipata kazi kubwa huwa siongei nyumbani, basi nitaongea humu.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umekamilika. Mtandao wetu wa zamani una pande mbili, ofisini na kiwandani, na kila upande ulianza kuhesabu kutoka moja. Kwenye anwani mpya tumepewa mtaa mmoja tu. Kwa hiyo za ofisini zitabaki na namba zake za mwisho, na za kiwandani nitaziongezea mia. Mizani iliyokuwa 12 itakuwa 112. Ni hesabu ya darasa la pili, hata usingizini siwezi kukosea.

Kijana wa makao makuu amenitumia jedwali lenye safu kumi na nane nijaze kila ninachokifanya. Nimempa jina la Bwana Jedwali. Nimemjibu kwamba nitalijaza mwishoni. Kalamu haikatikiwi na umeme.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekula chakula cha mchana na Dada nyuma ya kiwanda, juu ya makreti, kama kawaida yetu. Yeye anafanya kazi chumba cha mashuka machafu. Hufungua mlango wa nyuma saa kumi na moja alfajiri, hupokea mizigo ya hospitali, huhesabu, hutenga yenye damu na yasiyo na damu. Ni mwaka wake wa ishirini na mbili. Ndiye aliyemwendea meneja wa zamani akamwambia, "Nina mdogo wangu anajua kompyuta," wakati mimi nilikuwa najua kuiwasha tu. Msimamizi wake alipunguzwa tuliponunuliwa, na nafasi bado iko wazi. Anasema hajaona tofauti yoyote, ila kelele zimepungua.

Hajawahi kukosa kazi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo watu wote wanavyosema, na mimi ndiye ninayejua kuwa si kweli. Mwaka jana, mama alipokuwa kitandani, Dada aliweka kidole asubuhi, akatoka kimyakimya, akarudi kuweka kidole mchana. Wiki tatu. Niligundua kwenye kamera. Nilimfichia, lakini nilimwambia asirudie, asije akaniponza. Mama alifariki, na hatujalizungumza tena.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kamera kumi na moja zimehama. Mgongo unauma.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ilikuwa zamu ya saa za kidole. Tano ziko ndani, nilizimaliza kabla ya chai. Ya sita iko nje, ukutani kando ya mlango wa nyuma, na mvua ilikuwa inamwagika kama iliyoambiwa inafukuzwa kesho. Saa hiyo ni ya kizamani, vitufe vyake vidogo kama punje, na lazima uviinamie. Dada alitoka na mwavuli wa mizigo, ule mkubwa, akanisimamia.

"We mtoto, fanya haraka, bega langu linalowa."

"Hili ni jambo la kitaalamu."

"Utaalamu gani wa kubonyeza namba? Hata mimi ningebonyeza."

Akaanza kunisimulia habari za shuka lililokuja jana kutoka hotelini likiwa na meno ya bandia ndani. Meno yote, ya juu na ya chini. Alipowapigia simu, mtu wa mapokezi alimuuliza kama ana uhakika kwamba si yake. Nilicheka mpaka nikafuta namba nikaanza upya. Mzee wa boila, anayetuchemshia maji, naye alitoka kuona kuna nini, akabaki anacheka bila kujua sababu.

Namba 47 ikaingia. Dada akaweka kidole, taa ya kijani ikawaka. Niliporudi mezani niliiita 47 kutoka kwenye kompyuta, ikaitika, nikapiga tiki daftarini.

Saa ile hulimbikiza orodha yake hadi saa tisa alasiri, inaituma makao makuu, kisha inajifuta ili ipate nafasi ya kesho. Ni kizee, lakini kinajitahidi.

Jumanne, 18 Machi

Ofisi za juu zimehama. Afisa utumishi yuko likizo, mlinzi akanifungulia. Nimeiwasha printa yake, nimeiwekea 47, nimeiita, imeitika, tiki, nimeizima. Kumi na tisa zimebaki.

Jumamosi, 22 Machi

Zimehama zote. Meneja amenipa mkono. Mke wangu ananiambia nimeanza kuongea nyumbani, na kwamba alikuwa amezoea kimya.

Jumatatu, 24 Machi

Afisa utumishi amerudi likizo, na kabla hajaweka mkoba chini amenipigia. Printa inagoma. Huyu mama ni mwadilifu kupita kiasi, anawasha printa anapotaka kuchapa na kuizima anapoondoka, asije akala umeme wa kampuni. Nimemwambia aizime na kuiwasha tena. Imekubali. Katika kazi yetu hakuna dawa inayoishinda hiyo.

Jumatano, 26 Machi

Printa ya afisa utumishi tena. Zima, washa. Imekubali.

Ijumaa, 28 Machi

Orodha ya kwanza ya mahudhurio imerudi kutoka makao makuu, nikaambiwa niikague nione kama saa zote zinafika. Nilishuka nayo kwa furaha ya mtu anayekagua kazi yake mwenyewe. Nikafika jina la Dada. Jumatatu nyekundu, Jumanne nyekundu, Jumatano nyekundu, Alhamisi yupo. Wiki iliyopita yupo siku zote.

Mzee wa boila na madereva wanatumia mlango huohuo, lakini wao ni watu wa wakala, hawamo kwenye orodha yetu. Nikaiita 47. Ikaitika mara nne kati ya nne.

Mashine ingekuwa mbovu isingefika wiki nzima iliyopita halafu ikafika Alhamisi. Mashine mbovu haichagui siku. Binadamu ndiye anayechagua siku.

Sijamwambia mtu. Kamera sikuifungua, nimeogopa kuona tena ya mwaka jana.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua usiku na mchana. Sikushuka kula naye. Nimesema nina kazi.

Jumanne, 1 Aprili

Nyekundu tena jana. Printa ya afisa utumishi. Zima, washa.

Alhamisi, 3 Aprili

Sitalala vizuri leo, najua.

Saa tano asubuhi afisa utumishi aliniita. Nilimkuta amevaa miwani ya kusomea, ana faili la Dada mezani. Chini ya utaratibu mpya, mtu asipoonekana siku tano bila taarifa anapewa onyo la maandishi. Zikifika kumi, ameachishwa. Hakuna wa kumbembeleza, mfumo unatoa orodha wenyewe.

"Kaka, dada yako alikuwa hapa asubuhi," akasema. "Nimemwita kumuuliza. Anasema yupo kazini kila siku, na kwamba labda saa ya mlango wa nyuma ina kasoro. Sasa mwenye saa ni wewe. Ina kasoro?"

Naandika hapa kile nilichokifikiria, maana humu sina wa kumdanganya. Niliikumbuka kamera ya mwaka jana. Nikawaza, nikisema "ngoja nikaangalie," huyu mama ataona nambeba dada yangu. Na nikawaza cheo. Wameshanidokeza kwamba atatafutwa mkuu mmoja wa mitandao ya kampuni zote mbili. Nikaomba kutumia kompyuta yake. Nikaiita 47 mbele yake. Ikaitika.

"Ni nzima," nikasema.

"Una hakika?"

"Kama ingekuwa mbovu isingeitika."

Akashusha pumzi. "Lisemwalo lipo. Mimi naandika ninachokiona." Akabonyeza kuchapa. Printa ikagoma. Akanitazama, nikaizima mwenyewe, nikaiwasha mwenyewe. Karatasi ikatoka taratibu, na jina la Dada likatangulia.

Jumapili, 6 Aprili

Dada huja kula kwetu kila Jumapili. Leo alikuja na matunda ya watoto. Nilingoja wanangu watoke, ndipo nikamuuliza.

"Dada, asubuhi huwa unakwenda wapi?"

"Nakwenda kazini. Kwani wewe unakwenda wapi?"

"Orodha inasema hukufika siku sita."

"Nimeambiwa. Nimewajibu waende wakaiangalie saa." Alikuwa anamenya chungwa, hakuinua macho. "Nikawaambia ni yako, utaiangalia."

"Nimeiangalia. Haina neno."

"Umekuja lini kuiangalia? Sijakuona."

"Sihitaji kuja. Naiona kutoka mezani kwangu."

Akaliweka chungwa chini. "Nafika saa kumi na moja kila siku. Naweka kidole, taa inawaka kijani, naingia. Unataka nikueleze nini zaidi?"

Afadhali ningenyamaza hapo. Badala yake nikasema, "Mwaka jana pia ulikuwa unaweka kidole na taa inawaka kijani."

Akayakusanya maganda ya chungwa.

"Mwaka jana nilikuwa namgeuza mama yako asitoke vidonda," akasema. Akanawa mikono, akamuaga mke wangu, akaondoka mvuani.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Umemuuliza, au umemhoji?" Yeye haelewi mambo ya mitandao.

Jumanne, 8 Aprili

Nyekundu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nyekundu. Printa tena, sasa hata hanipigii, anazima na kuwasha mwenyewe. Ameshahitimu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepita uani saa saba, nikauona mgongo wa Dada kwa mbali, amekaa juu ya kreti anakula peke yake. Nikajiambia, leo amekuja. Nikageuka kabla hajaniona. Umbali ulikuwa hatua thelathini na kitu.

Jumatatu, 14 Aprili

Dada ameachishwa kazi leo, saa nane mchana. Siku kumi zimetimia. Barua inasema "utoro wa kudumu." Miaka ishirini na miwili.

Sikuwepo alipopewa. Mlinzi anasema aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, pembe kwa pembe, akamuuliza mlinzi nani atafungua mlango kesho. Mlinzi hakujua. Akamwachia ufunguo.

Nilimpigia mara tatu. Hakupokea.

Jumatano, 16 Aprili

Kwake nimekuta kufuli. Jirani anasema yupo, ametoka. Nilingoja saa nzima chini ya kibaraza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba nimemsamehe. Naandika hivyo ili nikumbuke mimi ni mtu wa namna gani.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Bwana Jedwali amepiga simu. Mwezi unaisha, jedwali lake bado tupu, na bila hilo hawezi kuunganisha kampuni mbili. Nikachukua daftari langu nikaanza kunakili. Kazi ya kuchosha, anwani moja kwa mstari mmoja. Nilipofika mstari wa themanini na tisa kisanduku kikageuka chekundu. Nikadhani nimekosea kubonyeza. Nikaandika tena. Chekundu tena, na maneno madogo chini yake: namba hii imeshatumika.

47. Printa, ofisi ya afisa utumishi.

47. Saa ya kidole, mlango wa nyuma.

Saa ya mlango wa nyuma ni ya kiwandani. Ilitakiwa kuongezewa mia. Ilitakiwa kuwa 147. Niliandika 47 siku ile ya mvua, Dada amenishikia mwavuli, nacheka habari za meno. Na kila nilipoiita 47 nikaitikiwa, sikuuliza aliyeitika ni nani. Nilipiga tiki mara mbili kwa sauti moja.

Kisha nikapanda kwa afisa utumishi, nikamwomba anipishe kidogo, nikachapa kumbukumbu ya printa: siku gani ilitumika, kurasa ngapi. Nikaiweka kando ya orodha ya Dada. Siku ambazo printa ilikuwa imewashwa saa tisa alasiri, Dada hakuwepo. Siku ambazo afisa utumishi alitoka mapema au hakuchapa kitu, Dada alikuwepo. Siku kumi kwa kumi. Printa ikiamka inakuta saa imekalia namba yake, inagoma. Ukiizima na kuiwasha, inainyang'anya. Saa ikifika saa tisa inatuma orodha, orodha haifiki kokote, na saa inajifuta. Jina la Dada lilikuwa likifutwa kila alasiri kwa neno langu mwenyewe. Zima, washa. Siku ya kumi ni tarehe kumi na moja, ile Ijumaa niliyomwona kwa macho yangu juu ya kreti, nikageuka. Na tarehe tatu niliiwasha kwa mkono wangu.

Nikashuka kwenye mlango wa nyuma. Nilizihesabu hatua kutoka mezani kwangu, ni hamsini na mbili tukiweka na ngazi. Mzee wa boila alikuwa amekaa mlangoni anaota moto.

"Umekuja kuiangalia saa," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Dada yako. Tangu apewe lile onyo, kila alfajiri akifika alikuwa akisema, leo mdogo wangu atakuja kuiangalia. Mimi nikawa namwambia, mpigie. Akasema hapana, ana kazi nyingi, atakuja tu." Akasogeza mkaa. "Mtu amefika kabla yangu kila siku, mvua hii yote. Nikashangaa kusikia mtoro. Kwani hamkuweza kuniuliza na mimi?"

Hakuna aliyemuuliza. Hayumo kwenye orodha.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeandika ripoti. Meneja ameisoma akaniambia nibadilishe mstari wa kwanza. Nilikuwa nimeandika "nilikosea namba ya saa, na nilipoulizwa nikasema ni nzima bila kwenda kuiangalia." Yeye alitaka "kulitokea hitilafu ya mfumo."

"Hitilafu haina jina," akasema. "Wewe una watoto."

"Dada aliandikwa kwa jina lake," nikamwambia. Ripoti imekwenda kama ilivyo.

Afisa utumishi ameisoma mbele yangu. Amevua miwani, ameitazama printa yake, akachomoa waya wake ukutani.

Ijumaa, 25 Aprili

Bwana Jedwali amenipigia. Nilitegemea atafurahi. Sauti yake ilikuwa ya chini, akaniambia pole, mkubwa. Cheo kitakwenda kwa mtu wa kwao. Namshukuru kwamba ameniambia mwenyewe. Barua ya kumrudisha Dada itatoka wiki ijayo, pamoja na malipo ya siku zake zote.

Jumapili, 27 Aprili

Leo Dada amenifungulia mlango.

Anakaa vyumba viwili, safi kama kawaida. Alikuwa anakunja nguo za jirani mkunjo wa hospitali, pembe ndani. Hakuniambia nikae, nikakaa. Nilimweleza yote: mia niliyoisahau, printa, saa tisa, kufutwa. Alisikiliza huku anakunja. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo nilikuwepo."

"Ulikuwepo siku zote, Dada. Nisamehe. Nimekukosea vibaya mno."

Kisha akanionyesha kwa kidevu ukuta wa karibu na mlango. Kulikuwa na mistari ya penseli, midogo, imepangwa mitano mitano, na pembeni yake tarehe.

"Uliponiuliza asubuhi nakwenda wapi, nilirudi hapa nikajiuliza na mimi," akasema. "Mama kabla hajalala kitandani si alianza kupotea? Anatoka, anarudi, anaapa hakutoka. Nikawaza labda imenianza. Labda naota tu kwamba nimekwenda kazini. Ningembishia afisa, yule hanijui. Lakini wewe unajua mashine, na wewe unanijua mimi, na umesema sikwenda. Basi nikaanza kuchora kila nilipofika nyumbani. Halafu usiku nikawa nautazama huu mstari najiuliza, nimeuchora kweli leo, au ni wa jana?"

Nililia. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na nililia mbele yake kama siku ya msiba. Mwaka jana katika kilio cha mama alinishika kichwa. Leo aliendelea kukunja, na baada ya muda akasema mvua inaongezeka, niwahi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa anatembea.

Jumatano, 30 Aprili

Mitandao miwili imeunganishwa saa nne asubuhi. Hakuna aliyehisi kitu. Hiyo ndiyo dalili ya kazi nzuri, kama kazi nzuri ndilo neno lake.

Jumatano, 7 Mei

Dada amekubali kurudi. Hakunipigia mimi, amempigia afisa utumishi. Nimeing'oa ile saa kizee nikaweka mpya, inayotuma kila kidole papo hapo. 147. Nimesimama mlangoni mpaka ilipofika makao makuu, nikamwita mzee wa boila ashuhudie. Amesema hajui kusoma vitu hivyo lakini anashuhudia.

Jumatatu, 12 Mei

Siku yake ya kwanza. Nilifika saa kumi na dakika arobaini, nikamngoja. Alikuja na kitambaa kichwani, amekonda. Tukasalimiana. Akaweka kidole, taa ya kijani ikawaka, na hakuingia.

"Imeandika?" akauliza.

"Taa imewaka, Dada."

"Taa nimeiona."

Nikatoa simu, nikafungua orodha, nikaona jina lake. "Imeandika." Ndipo akaingia.

Jumanne, 13 Mei

"Imeandika?" "Imeandika."

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwekea orodha kwenye simu yake mwenyewe ili asihitaji kuningoja. Amenirudishia simu. "Sitaki niangalie mimi," akasema. "Nataka uangalie wewe."

Mchana nilikwenda kwenye makreti na chakula changu. Alinisogezea nafasi. Tulikula. Nikamuuliza kama hotelini wamefuata yale meno, akasema hajui.

Jumatatu, 19 Mei

"Imeandika?" "Imeandika."

Jumapili, 25 Mei

Hakuja kula. Mke wangu amempelekea chakula na kukaa naye hadi jioni. Anasema wamecheka sana. Nilimuuliza wamecheka nini. Akasema mambo yao tu.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Leo mwanangu mdogo alikuwa na homa, nikachelewa, nikafika kiwandani saa kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na magari mawili ya hospitali yamejipanga mlango wa nyuma, madereva wanapiga honi, na mizigo haijashushwa. Mzee wa boila akanijia mbio.

"Ameweka kidole tangu saa kumi na moja," akasema. "Taa imewaka, mimi nimeiona, dereva ameiona. Tumemwapia. Hataki kuingia."

Dada alikuwa amesimama wima kando ya saa, mkoba kifuani, uso umepauka kwa baridi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

"Imeandika?" akaniuliza.

Nikakosea namba ya siri ya simu mara mbili. "Imeandika, Dada."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika nne."

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaingia, akavaa glavu, akaanza kuhesabu mashuka.

Kesho ni Jumamosi na ana zamu. Nimeweka kengele ya saa tisa na nusu usiku.